Mambo ya Nyumbani: Mbwa Mchanga Aamkaye Kabla ya Jogoo

Mwalimu mmoja wa huku Pemba ameniuliza neno ambalo kwanza nililidhani dogo. Asema, "Nina mtoto wa mbwa, umri wake miezi minne. Kila siku huamka saa 10 za usiku akabweka hata nyumba yote ikaamka. Nimfanyeje?" Nilitaka kumjibu kwa maneno mawili njiani, lakini nikakumbuka ya kuwa mimi mwenyewe nilishindwa na jambo lilo hilo muda wa miezi miwili, tena nusura nigombane na jirani yangu. Kwa hiyo namjibu hapa, na wengine wapate kusoma.

Msomaji wa bara huenda akauliza, mbwa wa nini kisiwani? Sisi tulimao muhogo karibu na mwitu twajua. Usiku nguruwe mwitu hufukua matuta, na mchana tumbili hung'oa walichokibakisha. Asiye na mbwa huvuna majani. Lakini kumfuga mbwa huku kuna adabu yake. Majirani zetu walio wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara 7, na mara moja katika hizo huwa kwa udongo. Mtu aliyekwisha kutawadha, naye yu njiani kwenda msikitini, hapendi hata kidogo kuguswa na pua yenye maji. Jirani humvumilia mbwa wetu kwa sababu humfukuzia nguruwe katika shamba lake pia. Lakini uvumilivu wa mchana si uvumilivu wa saa 10 za usiku.

Mbwa wetu jina lake Chui, ingawa hana doa hata moja. Alipoletwa kwetu, mimi ndimi niliyekuwa nikipiga kengele ya sala ya asubuhi, basi kila siku nilitoka saa 11. Nikivuta komeo la mlango, Chui huja akitikisa mkia, nami kwa huruma humtupia kiporo cha muhogo. Baada ya majuma mawili hakungoja komeo tena. Akaamka saa 11 kasorobo, kisha saa 10 u nusu, hata akafika saa 9 u nusu. Nami, ili anyamaze, nilizidi kutoka mapema na kiporo mkononi. Mke wangu akaniambia, "Baba Petro, katika nyumba hii ni nani amfundishaye mwenzake, wewe au mbwa?" Nilikasirika kidogo, maana mtu aliyefundisha watoto miaka 20 hapendi kuulizwa swali kama hilo. Lakini alisema kweli.

Palikuwa na mtaalamu Mrusi, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya namna chakula kinavyosagwa tumboni. Katika kazi ile aliona ya kuwa mbwa wake hutokwa na mate kabla hawajapewa chakula, kwa kusikia tu ishara waliyozoea kuisikia pamoja nacho. Ndivyo lilivyokuwa komeo langu. Na ulipokuja wakati ambao Chui aliamka, akabweka, nami nikatoka na muhogo, alijifunza jambo la pili lililo baya kuliko la kwanza: ya kwamba kubweka kwake ndiko kuletako chakula.

Siku moja asubuhi jirani yangu alibisha hodi. Ni mzee wa makamo, mtu wa heshima, naye hakuketi. Akasema, "Mwalimu, sikuja kwa ugomvi. Mimi huamka kwa sala ya alfajiri, mbwa hanidhuru. Ila mkwe wangu ana mtoto mchanga wa mwezi mmoja. Humlaza saa 8 za usiku kwa taabu, na saa 9 u nusu mbwa wako humwamsha. Mwanamke amechoka hata maziwa yamepungua." Hakusema ya kuwa nimwue mbwa. Lau angalisema hivyo, huenda ningalitafuta maneno ya kujitetea. Lakini habari ya maziwa ilinifunga kinywa. Nikamwomba anipe majuma matatu, akakubali.

Basi, ndugu mwalimu, sikiliza tulivyofanya.

Kwanza tuliuliza, je, ana haja au ana mazoea? Maana mtoto wa mbwa hawezi kuzuia mkojo kama mbwa mzima. Kwa kukisia, mwenye miezi miwili hustahimili saa mbili au tatu, na mwenye miezi minne saa nne au tano, ingawa usingizini huweza kuzidisha kidogo. Akiwa mdogo sana akalia usiku, kumwacha alie ni ukatili, tena huchafua malalo yake. Mtoe nje, asipewe maneno wala mchezo wala chakula. Akiisha kukojoa, mrudishe. Vilevile aliyetengwa na mama yake kabla ya majuma 8 hulia kwa upweke, wala si kwa ukaidi. Huyo mlaze mahali awezapo kusikia pumzi za watu. Chui wetu alikuwa na miezi mitano na nusu. Nilimtoa usiku mara tatu, akanusa majani, akanitazama mkono. Hakukojoa. Haja haikuwamo, ila mazoea tu.

Tukabadili chakula cha jioni. Zamani alikula pamoja nasi saa 3 za usiku, kisha akalala na tumbo zito. Sasa alikula saa 12 jioni, na saa 3 u nusu, kabla ya kufunga mlango, mmoja wetu alimtembeza mpaka akajisaidia. Maji hatukumnyima, kwa kuwa joto la huku si la mchezo. Alasiri tulimtembeza shambani, na mara nyingine tuliwatawanya dagaa wachache katika majani makavu awatafute kwa pua. Nusu saa ya kutafuta kwa pua humchosha mbwa kuliko mtu awezavyo kudhani. Msiogope kwamba atalala mno mchana: mtoto wa mbwa hulala saa 18 hata 20 katika mchana na usiku pamoja, ila hulala vipande vipande. Kuamka usiku kwake si ajabu. Tutakalo ni kwamba, akiamka asione jambo, ajilaze tena.

Malalo yake yalikuwa barazani, upande wa mashariki. Huku kwetu tu karibu na Ikweta, nyuzi 5 tu kusini yake, jua huchomoza karibu na saa 12 mwaka mzima, na weupe hutangulia. Na jicho la mbwa huona vema gizani kuliko letu. Tukamhamisha nyuma ya nyumba, tukaziba nafasi kwa makuti na gunia, tukaacha upande mmoja wa kupitisha upepo. Huko hakusikia komeo la mlango wa mbele, tena alikuwa mbali na njia ya msikitini.

Kisha likaja lile gumu, yaani chakula cha asubuhi. Tuliweka sheria kwamba asilishwe na mtu atokaye kitandani. Nilipotoka kwenda kupiga kengele, nilipita bila kumtazama. Chakula chake kilitolewa saa 12, akiwa kimya, na baada ya kila siku tatu tulikichelewesha kwa robo saa mpaka kikafika saa 1. Akibweka, hapana aliyekwenda. Akinyamaza kwa muda wa pumzi kumi, ndipo mtu alipotokea.

Nawaonya mapema: siku za kwanza atazidi. Usiku wa tatu Chui alibweka kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Sababu yake yafahamika. Mtu aliyezoea kufunguliwa mlango akibisha, siku asipofunguliwa hubisha kwa nguvu zaidi kabla ya kwenda zake. Ukifungua hapo, umemfundisha kwamba pigo la nguvu ndilo lifunguzalo. Kabla ya kuanza nilikwenda kwa jirani nikamwambia, "Bwana, usiku wa leo na wa kesho utakuwa mbaya kuliko ule wa jana, nastahimilisha kwa makusudi." Mkwe wake alikwenda kulala kwa mama yake kwa juma moja. Mtu asiyeweza kusema na jirani zake kwanza, heri asianze.

Usiku wa sita alilala mpaka saa 11. Nikafurahi. Usiku wa saba, wa nane na wa tisa alirudia yale yale, saa 10 barabara, nami sikuelewa. Nikakesha. Nikaona mlango wa nyuma ukifunguka polepole, na mwanangu wa pili, mwenye miaka 9, akitoka na kipande cha muhogo. Nilipomuuliza alilia, akasema, "Nilitaka baba asiamke." Sikumpiga. Alifanya kwa mapenzi neno lile lile nililofanya mimi kwa mapenzi. Lakini lisilotoka kila siku, likatoka mara moja moja, hukaza mazoea kuliko litokalo daima, kama vile mvuvi asivyoacha mahali alipopata changu mmoja kwa siku tatu. Tukaanza upya, na mtoto nikampa kazi ya kumpelekea chakula saa 1. Akaona fahari, na tangu hapo ndiye mlinzi mkali wa ile saa.

Wako wapigao mbwa kwa fimbo. Nimeona matokeo yake: mbwa hunyamaza mbele ya mwenye fimbo, na asipokuwapo hubweka kwa hofu, naye akikua huuma. Wako pia wamfunguliao saa 10 aende zake, nyumba ilale. Hao nawasihi waache. Mbwa azururaye alfajiri hukutana na watu waendao msikitini na wachuma karafuu waendao mashambani, hukutana na mbwa wengine pia. Kisiwa chetu kilipatwa na kichaa cha mbwa tangu mwaka 2010 na miaka iliyofuata, na watu waliumwa. Kazi ya kuchanja mbwa, kijiji kwa kijiji, ndiyo iliyoukata ugonjwa ule mwaka 2018. Lakini mbwa mmoja mgonjwa aletwaye kwa mashua atosha kuurudisha. Basi mtoto wa mbwa afikapo miezi mitatu mpelekeni kwa bwana mifugo achanjwe. Tena, mbwa aliyekuwa akilala vema, mara akawa hana usingizi, sauti yake imegeuka, adondoka mate au arukia watu bila sababu, huyo asifundishwe neno lolote. Msimguse, zuieni watu wasimkaribie, mkampashe habari bwana mifugo. Aliyeumwa na aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo kama mkwaruzo.

Ziko sababu nyingine ndogo. Minyoo humnyima mtoto wa mbwa usingizi, na viroboto pia. Gunia la kulalia lianikwe juani kila juma. Na komba, alaye matunda usiku huku akilia kama mtoto mchanga, humwamsha mbwa ye yote. Kwetu walikuja katika mwembe wakati wa maembe, wala sikupata dawa yao ila kungoja maembe yaishe.

Pia usitake lisilowezekana. Mbwa kwa asili yake huchangamka kunapopambazuka na kunapokuchwa. Mwalimu atakaye kulala mpaka saa 2 siku za likizo na asifuge mbwa, wala jogoo.

Yale majuma matatu yakawa majuma manne na siku mbili. Siku moja, nikiwa nafagia uwanja, jirani yangu alipita na pakacha lake. Akasimama kitambo, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aogopaye kutonesha kidonda, "Mwalimu, yule mbwa amekufa?" Nikampeleka nyuma ya nyumba. Chui alikuwa amelala chali juu ya gunia, miguu juu, na ilikuwa imekwisha kupita saa 12. Mzee akacheka mpaka akaweka pakacha chini. Akaniuliza mtoto ataletewa lini chakula cha mbwa, nikamwambia bado nusu saa. Akasema basi atakwenda zake taratibu, asije akamwamsha.