Mlango Tuliouacha Wazi Wenyewe



Serikali ya chama kimoja ilipotaka kulinyamazisha gazeti, haikujificha. Mwaka 1988 jarida la makanisa, Beyond, lilipigwa marufuku baada ya kufichua wizi wa kura za mlolongo. Mwaka 1990 ikawa zamu ya Nairobi Law Monthly. Hata vyama vingi viliporejea, mnamo Machi 2, 2006, polisi waliofunika nyuso waliwavamia The Standard na KTN, wakayateketeza magazeti. Udhalimu huo wananchi waliuona kwa macho, wakaulaani hadharani.

Leo adui wa habari hahitaji shoka wala barakoa. Anahitaji neno moja, nalo tumempa sisi wenyewe.

Nasema juu ya neno la siri. Mhariri wa tovuti hulitumia lile lile kwa barua pepe, kwa duka la mtandaoni alikonunua viatu, na kwa mtambo wa kuchapishia habari. Duka likidukuliwa, orodha ya wateja huuzwa, na programu za wezi hulijaribu kila neno kwenye milango mingine maelfu. Hakuna kufuli linalovunjwa hapo. Mwizi ameingia kwa ufunguo halali.

Gawker, kampuni ya tovuti za habari huko Marekani, ilionja hayo Desemba 2010. Taarifa za akaunti zipatazo milioni 1.3 zilivuja. Mmiliki wake, Nick Denton, alikuwa akitumia neno moja kwa huduma kadhaa, basi wavamizi wakapita chumba hata chumba. Wasomaji nao, waliorudia maneno yao kwingineko, wakaona akaunti zao za Twitter zikitangaza dawa za kupunguza unene!

Wakubwa wa vyombo vya habari watatujibu kwamba Sheria ya Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inamwadhibu mdukuzi. Naam, akikamatwa. Lakini je, hukumu itamrudishia usalama mkulima wa Kilifi aliyemtumia mwandishi nakala ya hati ya shamba lililonyakuliwa, na jina lake sasa limo mikononi mwa mnyakuzi? Hapa pwani tunajua hofu ya ardhi ni kitu gani. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Mhariri mzembe asijivike joho la mlalamikaji.

Wala makanisa yasicheke. Ni ofisi ngapi za parokia ambazo neno lao la siri ni jina la mtakatifu na mwaka?

Kila akaunti na iwe na neno lake, refu, lisilorudiwa. Programu za kuyatunza zipo. Iongezwe hatua ya pili ya uthibitisho. Mfanyakazi akiondoka, afungiwe mlango siku hiyo hiyo. Na mhariri atakayekuja kwetu kuomba michango au ushahidi, aulizwe kwanza mbele ya waumini: ni watu wangapi wanaolijua neno lako la siri, na umelitumia wapi kwingine?