Mgema ataponzwa na saa, si na tembo

Ukivuka kivuko cha Likoni kutoka upande wa Ganjoni, mnazi hukoma kuwa pambo la mji na kuwa riziki. Kusi linapoelekea ukingoni, Agosti na Septemba, mgema wa Kwale hupanda vidato alfajiri na jioni, akikata ncha ya karara na kukinga utomvu. Karara linalogemwa halizai nazi, amekwisha kuchagua.

Tembo tamu la asubuhi huwa kali kabla ya magharibi, na likikaa siku chache hugeuka siki. Bidhaa hiyo haingoji karani wa leseni.

Hapo ndipo penye utata. Sheria ya Mazao ya 2013 inautambua mnazi kuwa zao rasmi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, kwa upande wake, inamtaka muuza kileo awe na leseni, na Katiba ya mwaka huohuo ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la kuitoa. Kila msako unapotangazwa, kama ule wa Machi 2024 baada ya vifo vya Kirinyaga, swali hurudi: mgema ni mkulima au mhalifu?

Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ukaguzi, basi, ni wa lazima. Lakini kaunti za Kwale na Kilifi zikitoa leseni nafuu kwa vyama vya wagema, na kukagua tembo papo linapouzwa, mnywaji atalindwa na mgema hatalazimika kujificha juu ya mti wake mwenyewe.