Mwenye kadi ya kura aulizwe pia wakati wa mchujo

Mwezi wa pili 2023, kazi ya kuandikisha wapiga kura ilipofika Kivu Kusini, mdogo wangu alipanga mstari toka alfajiri pale nyumbani Kalehe. Akapigwa picha, akaweka vidole, akatoka na kadi yake. Alikuwa na miaka 17. Hakudanganya mtu: aliruhusiwa kujiandikisha kila atakayekuwa ametimiza miaka 18 siku ya kura, na yeye aliitimiza mwezi mmoja kabla ya tarehe 20 Desemba.

Tarehe 4 Mei mwaka ule mito ilishuka na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mdogo wangu alikuwa kati ya vijana waliochimba matope siku nyingi wakitafuta miili. Hakuna mzee aliyemwambia kwamba kazi ile haiwafai watoto. Ilipofika katikati ya mwaka, vyama vikapeleka orodha za wagombea wao kwenye tume ya uchaguzi, CENI. Hapo ndipo alipogeuka mtoto tena. Alikuwa na kadi mfukoni, lakini hakuna aliyemwuliza nani aandikwe kwenye orodha. Nisiseme uongo: hata baba yetu hakuulizwa.

Sisi wanafunzi wa lugha tunajua kwamba mahali ambapo neno linakosekana, mara nyingi jambo lenyewe limekosekana. Wakenya wanasema mchujo, Watanzania wanasema kura za maoni. Hayo ni majina ya siku ambayo wanachama wa chama wanapigia kura wale wanaotaka kugombea, kabla ya uchaguzi wenyewe. Michujo yao ina fujo na fedha, tunasikia kila mara, na wakubwa wa chama wanaweza kupindua matokeo. Lakini neno lipo, na mtu akinyang'anywa ushindi anajua aite nini kile alichonyang'anywa. Kwetu Kivu tunaazima neno la Kifaransa, na tunalitumia tukizungumza habari za Ufaransa au Marekani. Kwa habari zetu tuna neno lingine: autorité morale, yaani mwenye chama. Yeye ndiye mchujo.

Tukumbuke 2018. Tarehe 8 Agosti, upande wa serikali, Rais Kabila alimteua Emmanuel Ramazani Shadary. Tarehe 11 Novemba, upande wa upinzani, viongozi saba walikutana Geneva wakamchagua Martin Fayulu. Kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe waliondoa sahihi zao, wakieleza kwamba wafuasi wao wamekataa. Nadhani hapo kuna somo kubwa kuliko ugomvi wa watu wale. Wafuasi walipata kusema baada ya sahihi kuwekwa, tena kwa kelele za barabarani, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kusemea.

Neno kura lilitoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni bahati nasibu. Mabaharia wa Yona walipiga kura ili wajue tufani imeletwa na nani. Kuchagua ni jambo lingine: ni kupembua, kama mama anavyopembua maharagwe kabla ya kuyaweka kwenye chungu. Kalehe tunapiga kura toka 2006. Kuchagua bado. Tunaonyeshwa picha kwenye mashine, nasi tunagusa moja kati ya watu waliokwisha kuchaguliwa Kinshasa, katika mazungumzo ya Kifaransa na Kilingala.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na hayafai kutenganishwa. La kwanza: sheria idai kwamba orodha ya kila chama ipigiwe kura na wanachama wa pale pale, mazungumzo yafanyike katika Kihavu, Kitembo, Kinyarwanda au Kiswahili, kama watu wa pale wanavyosema. La pili: katika mchujo huo, mwenye miaka 17 atakayetimiza 18 siku ya uchaguzi apige kura kama wengine. Si jambo geni. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, kama Ohio, Illinois na Virginia, ndivyo inavyofanywa, na sababu yao ni nyepesi: anayeruhusiwa kumaliza kazi aruhusiwe pia kuianza.

Kifungu cha 5 cha katiba yetu kinaweka miaka 18 kwa wapiga kura. Siombi kibadilishwe. Siku ya uchaguzi wa taifa ibaki hivyo. Mchujo ni kazi ya ndani ya chama.

Najua majibu yatakayokuja. Wakubwa watasema vijana wa umri huo watanunuliwa kwa fulana na chupa ya bia. Kweli, wananunuliwa. Lakini tayari wananunuliwa bila kura: ndio wanaojaza malori ya kampeni na kuimba mbele ya magari. Na mzee wa miaka 50 anayepewa kilo ya chumvi, naye aondolewe kwenye daftari? Wengine watauliza tutajuaje umri wa mtu ambaye hana cheti cha kuzaliwa. Swali hilo ni gumu kwelikweli, kwa maana vijijini kwetu wasio na cheti ni wengi. Lakini CENI ilikwisha kukutana nalo wakati wa kuandikisha, na kadi iliyotolewa ndiyo jibu. Mchujo usidai karatasi nyingine.

Kuna jibu moja ambalo linaniuma zaidi: eti akili zao hazijakomaa. Ziwani, usiku, wanavua sambaza. Numbi wanabeba magunia ya mchanga wa machimbo. Wenye bunduki wanapokuja kutafuta askari hawasubiri mtu atimize miaka 18. Inakuwaje kijana anatosha kwa kila mzigo, isipokuwa ule wa kusema huyu ndiye, huyu siye?

Na hapa chuoni, tuangalie wenyewe. Mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa taifa mapema anaingia mwaka wa kwanza na miaka 17, na katika juma chache anapiga kura ya kumchagua CP. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia angoje siku yake ya kuzaliwa.

Mdogo wangu alipiga kura tarehe 20 Desemba. Nilimwuliza amechagua nani. Akanijibu: nimepiga.