NGAZI ISIYOFIKA DARINI



Twaandika habari za watoto wanaofundishwa kazi za mikono katika shule za sekondari, na jinsi njia yao inavyozibana kabla hawajafika vyuo vya ufundi. Twajua wako watakaosema kwamba jambo hili si la makarani. Hasha! Ni letu, na sababu zake tutazieleza.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeigawa elimu ya sekondari mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Wanafunzi wa kwanza wa amali waliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na mwaka 2027 ndio mwaka wao wa kidato cha nne. Jambo hili ni jema, nasi twalisifu. Lakini twauliza: kijana aliyeshika randa na tupa miaka minne akibisha hodi chuoni, je, atapokewa kama mtu mwenye kitu mkononi? Au ataambiwa aanze tena alifu kwa ujiti, pamoja na yule asiyepata kuona jiliwa maishani mwake?

Haja hii si ngeni katika nchi yetu. Ifunda, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili, palianza kufundishwa ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilipata chuo chake cha ufundi, ambacho mwaka 1997 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia. Arusha nayo ilipata chuo mwaka 1978. Kijana aliyemaliza kidato cha nne katika shule za ufundi, kama Ifunda, Moshi, Tanga au Mtwara, aliweza kuchaguliwa kwenda chuo kutafuta kile cheti cha fundi sanifu kilichojulikana na wote kwa herufi FTC. Alichokipata shuleni kilikuwa msingi, na chuo kikajenga juu yake. Wako mafundi wa barabara, wa maji na wa umeme walioitumikia Serikali ambao walipita njia hiyo, na faili zao tumezishika kwa mikono yetu.

Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zilipewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Mwaka 1985 Psacharopoulos na Loxley wa Benki ya Dunia walitoa uchunguzi wao juu ya Colombia na Tanzania, nao hawakuona kwamba masomo ya michepuo yaliwapa wanafunzi faida ya wazi katika kazi na mshahara kuwapita wenzao. Wasioipenda elimu ya ufundi huishika hoja hiyo kama rungu. Sisi twaisoma vingine. Haituonyeshi kwamba mkono haufai kufundishwa. Yatuonya kwamba somo la ufundi likiachwa peke yake, bila kazi wala chuo cha kulipokea, ni mbio za sakafuni, nazo huishia ukingoni.

Na leo je? Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Ufundi Stadi, na ya mwaka 1997 ikaunda Baraza la elimu ya ufundi. Tangu mwaka 2021 Baraza hilo limepewa kusimamia pande zote mbili. Ngazi ya kwanza hadi ya tatu ni za ufundi stadi. Ya nne hadi ya sita ni za mafundi sanifu, na ya sita ndiyo stashahada. Katika karatasi ni ngazi moja nzuri. Lakini kuzihesabu daraja si kuwapandisha watu. Kwa kawaida anayeingia ngazi ya nne huulizwa kwanza alama zake za kidato cha nne, na ustadi wa mkono wake, hata ukimfungulia mlango, haumpunguzii siku moja ya masomo.

Wako wasemao kwamba kumsamehe fundi sehemu ya masomo ni kushusha heshima ya chuo, maana hesabu zake ni dhaifu. Twawajibu: mpimeni. Akiwa dhaifu wa hesabu, mfundisheni hesabu. Kumrudisha kunoa patasi hakutamfundisha kukokotoa. Heshima ya chuo hulindwa kwa mtihani wa haki, wala hailindwi kwa kumpotezea kijana mwaka na kumfilisi baba yake kwa karo.

Tuangalie pia Marekani. Kwa sheria ya mwaka 1990 Serikali yao ilitoa fedha ili shule na vyuo vipatane: miaka miwili ya mwisho ya sekondari iungane na miwili ya chuo, yawe mafunzo mamoja. Shauri lilikuwa zuri. Lakini mahali pengi sifa ya somo lililofanywa shuleni haikuandikwa chuoni mpaka mwanafunzi mwenyewe aje kuidai, na wengi hawakuidai. Mwaka 2011 fedha zile zikakatwa. Basi tujue kwamba mapatano yasiyoandikwa katika daftari la mwanafunzi ni maneno ya upepo.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa letu. Ni nani ajazaye daftari? Ni nani apokeaye maombi, apangaye majina, na kuandika barua ya kukubali au kukataa? Wako makarani wadhanio kwamba kalamu ni bwana na nyundo ni mtumwa. Na wajiulize kiti wanachokikalia kilitengenezwa kwa kalamu gani.

Twataka mambo matatu. Kwanza, walimu wa shule za amali na wa vyuo wakae meza moja, watunge mafunzo yanayofuatana, somo kwa somo. Pili, kila ustadi mwanafunzi anaofaulu uandikwe mara moja katika kumbukumbu inayotambuliwa na shule na chuo, asibaki kuudai kwa maneno. Tatu, chuo kimpime mwombaji kwa vitendo, na analolijua asifundishwe tena.

Twawaomba makatibu wa matawi walilete jambo hili katika mkutano ujao, na maazimio yao yaandikwe wazi na kupelekwa kwa wakuu wa elimu. Mwenye hoja ya kutupinga na aandike. Nafasi ya jibu lake itakuwapo katika kurasa hizi.