Miche yetu haikufa kwa baridi



Mwezi wa tano unaisha. Mvua zinapungua, Lualaba itaanza kushuka, na udongo wa kando ya mto utaonekana tena. Kila nyumba ya Alunguli yenye jembe inawaza jambo moja: kupanda tomati, shu na biringanya mapema, ili mwezi wa tisa, watoto watakaporudi shuleni, kuwe na kitu cha kuvusha ng'ambo na kuuza. Juma hili tuongee juu ya miche, yaani mimea midogo kabla haijahamishwa shambani. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka jana. Wamama wanane wa kundi letu walitoa feza za likelemba kununua mbegu za tomati. Mbegu nyingine nilitumiwa na mdogo wangu anayekaa Lubumbashi. Alinipigia simu akaniambia: «Yaya, mwezi wa sita na wa saba baridi inaua miche. Usiku muifunike na nailoni.» Nikakubali. Mimi ni mwalimu, nimezoea kusema na watu wananiamini. Nikawaambia wamama tununue nailoni, tufunike vitanda viwili kila jioni, tuweke mawe pembeni. Zamu ya kufunua asubuhi tukagawana.

Siku moja, mama mwenye zamu aliamka na mtoto mwenye homa kali. Akapanda mtumbwi kumpeleka hospitali ng'ambo. Mimi nilikuwa shuleni, ni wakati wa mitihani. Hakuna aliyefunua kitanda cha kwanza mpaka saa nane ya mchana. Tulipoinua nailoni, mvuke ulitoka kama wa chungu cha sombe. Miche yote ilikuwa imelala, imeiva.

Katika mkutano tulimtoza yule mama faini. Hata mimi niliinua mkono.

Lakini tazameni jambo ambalo sikutaka kuliona wakati ule. Kitanda cha pili kilifunuliwa kila asubuhi, bila kukosa hata siku moja. Nacho pia kilikufa, polepole. Miche ilikuwa inaanguka upande mmoja, shingo yake imekuwa nyembamba na nyeusi pale inapogusa udongo. Wakati huohuo, bibi mmoja jirani yangu alikuwa na miche yake nyuma ya jiko, chini ya matawi ya ngazi yaliyowekwa juu ya vijiti. Usiku hakuifunika na kitu. Ilisimama vizuri, na mwezi wa tisa alikuwa anauza tomati. Nilipomuuliza kama haogopi baridi, alicheka. Akaniambia: «Mwalimu, baridi gani? Wewe unavaa koti kwenda kuoga?»

Basi tuulize swali kama tunavyofanya darasani. Shauri la mdogo wangu lilikuwa la uongo? Hapana. Ni kweli, lakini ni kweli ya Lubumbashi.

Mji ule uko juu, karibu metre 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kindu yetu iko kwenye metre 500 hivi. Tena Lubumbashi iko mbali zaidi kusini, na sisi tuko karibu na ikweta. Kule mwezi wa sita na wa saba mbingu zinakuwa safi, hakuna mawingu. Wingu la usiku ni kama blanketi: linazuia joto la udongo lisipande lote juu. Bila wingu, udongo unapoteza joto lake usiku kucha. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo inateremka na kukaa mabondeni. Ndiyo sababu usiku wa kule mara nyingi unashuka chini ya digri 10, na katika mabonde unaweza kukaribia sufuri. Tomati ikipata baridi ya chini ya digri 10 inaacha kukua. Ikifika sufuri, maji yaliyo ndani ya majani yanaganda, yanapasua majani kutoka ndani, na asubuhi jua likitoka majani yanakuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto.

Watu wa nchi za jirani wanalijua jambo hili. Katika milima ya Njombe na Makete, huko Tanzania, wakulima wa viazi wanaogopa usiku wa namna hiyo, na barafu hiyo nyembamba ya alfajiri wanaiita sakitu. Huko Kenya, mwezi wa kwanza wa mwaka 2012, baridi iliunguza mashamba ya chai upande wa Kericho. Mtu wa huko akifunika miche yake jioni, anafanya vizuri. Anashika joto la udongo lisitoke.

Kwetu usiku wa kiangazi una ukungu, na asubuhi tunajifunika kitenge tukivuka mto. Lakini baridi hiyo ni kama ya digri 20, au chini yake kidogo. Kwa mche wa tomati, huo ni usingizi mzuri. Tukiufunika na nailoni, hatuuongezei kitu. Tunafungia unyevu tu, na unyevu huo pamoja na joto ndio unaolisha ukungu mbaya wa udongoni unaoozesha shingo ya mche. Asubuhi jua likipiga, nailoni inaingiza joto na hairuhusu litoke. Mkitaka kuhakikisha, tandikeni kipande cha nailoni juani, saa nne ingizeni mkono chini yake. Hamtaacha mkono huko kwa muda mrefu. Na mche hauna miguu ya kutoka.

Kwa hiyo, kwetu Alunguli, adui wa mche ni watatu: jua la mchana, mvua kubwa inayopiga, na unyevu usiopata hewa. Tuwakinge hivi.

Kwanza, kitanda. Kiwe na upana wa metre moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Kiinuliwe kama shibiri moja, ili maji yasituame. Msirudie mahali palipoota tomati, biringanya au pilipili mwaka jana, kwa sababu ugonjwa unabaki udongoni. Siku chache kabla ya kupanda, mwagieni udongo maji yanayochemka, au chomeni majani makavu juu yake, halafu uacheni upoe kabisa. Samadi iwe imeoza vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Pili, mbegu. Chimbeni mistari yenye umbali wa upana wa kiganja, kina chake kisipite centimetre moja. Msimwage mbegu nyingi kwa pamoja kama mnalisha kuku. Miche iliyobanana haipati hewa, na shingo zake zinaoza mapema. Funikeni udongo na majani makavu membamba, mwagilieni juu yake. Tomati inachukua siku tano mpaka nane kutoka. Siku mnayoona vichwa vya kwanza, ondoeni majani hayo jioni ileile. Mkichelewa siku mbili, miche itarefuka kutafuta mwanga na itakuwa dhaifu.

Tatu, paa. Hapa ndipo kuna kinga yenyewe. Simamisheni vijiti vinne. Upande wa mashariki viwe na urefu wa metre moja, upande wa magharibi viwe vifupi zaidi, kama centimetre 70. Juu wekeni matawi ya ngazi, si mazito sana: mkitazama chini ya paa muone madoa ya jua na kivuli vikichanganyika. Kwa nini mashariki iwe juu? Kwa sababu jua la asubuhi ni jema, liingie. Jua la saa saba mpaka saa kumi ndilo linaloua, lizuiwe. Pande zote zibaki wazi, upepo upite.

Mtaniuliza: na nailoni tuliyonunua? Ina kazi yake. Hata katika kiangazi mvua moja kubwa inaweza kushuka ghafla. Siku hiyo tandazeni nailoni juu ya paa, juu ya matawi, isiguse miche na isifunge pande. Mvua ikiisha, iondoeni. Hapo inafanya kazi ya mwavuli. Sisi mwaka jana tuliifanya kuwa kifuniko cha chungu.

Nne, maji. Mwagilieni asubuhi, kwa arozwari au kwa bati lililotobolewa matundu madogo. Maji ya bidoni yakimwagwa moja kwa moja yanalaza miche. Kama mchana ulikuwa mkali sana, ongezeni kidogo saa tisa au saa kumi, ili majani yakauke kabla ya giza. Miche isilale imelowana. Mkiona mmoja umeanguka shingo, ng'oeni pamoja na jirani zake, tupeni mbali, na punguzeni maji.

Tano, kuizoeza. Mche uliolelewa kivulini ukipelekwa juani siku moja, unakufa. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguzeni matawi ya paa kidogo kidogo kila siku, na maji pia. Siku mbili za mwisho ukae wazi kabisa. Hamisheni ukiwa na majani manne au matano, yaani wiki ya tatu mpaka ya nne, tena jioni baada ya saa kumi. Kule shambani, chomekeni tawi dogo lenye majani upande wa magharibi wa kila mche kwa siku tatu au nne, mpaka mizizi ishike.

Na msisahau kuku na mbuzi. Kivuli kizuri bila ugo ni meza mliyowaandalia wao.

Mtaona kwamba kazi hii haihitaji feza nyingi. Vijiti tunavyo, ngazi tunazo. Kinachohitajika ni jicho la kila siku. Na hapo ndipo nataka kurudi kwenye zamu zetu. Kinga inayoharibu kila kitu mtu mmoja akikosa asubuhi moja, si kinga ya kundi la wamama wenye watoto. Watoto wanaugua, mtumbwi unachelewa, msiba unatokea. Paa la matawi halimsubiri mtu. Kama mwenye zamu amekosa, miche inakosa maji asubuhi moja, lakini inaishi mpaka mwingine afike. Mwaka huu tuchague njia inayojua kwamba sisi ni watu.

Sasa juu ya faini. Yule mama aliilipa bila kusema neno, na mtoto wake alikuwa bado anakunywa dawa. Mbele ya kitanda cha pili kilichokufa, sote tuliweza kuona kwamba kosa halikuwa lake. Hata kama angefunua saa moja ya asubuhi kila siku, tungekosa tomati vilevile. Kosa lilikuwa katika shauri, na shauri nililileta mimi, bila kuuliza hata bibi mmoja wa hapa anayelima tangu kabla sijazaliwa. Darasani mwanafunzi akikosea kwa sababu mwalimu aliandika vibaya ubaoni, hatumpunguzii mwanafunzi alama. Mwalimu anafuta ubao.

Nimeenda kwake nyumbani kumwomba msamaha, na nimeomba kamati iweke jambo hili kwenye mkutano ujao. Faini ile irudishwe. Feza zake nitatoa mimi, zisitoke katika sanduku la chama, kwa sababu wamama wengine saba nao walipoteza. Yeye amesema atarudi katika kundi kama zamu zitapangwa upya. Naona ana haki.

Tutakutana jumamosi saa tisa nyuma ya jiko la bibi jirani yangu, amekubali kutuonyesha paa lake. Kila mmoja aje na panga, na vijiti viwili vilivyonyooka. Mwenye miche ya lengalenga iliyozidi, alete tugawane. Mimi nitakuja na daftari, na safari hii nitakuwa nimekaa upande wa wanafunzi.

Mwalimu wenu wa bustani.