Chema Chajificha

Wahenga walituachia kauli kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi niliiamini kauli hii kama ninavyoamini kuwa kusi itafuata kaskazi. Leo naona imepungukiwa na kifungu cha tatu, kwani imezuka biashara ambayo ndani yake chema hakijiuzi wala kibaya hakijitembezi. Chema hufichwa, na kule kufichwa ndiko kunakouzwa. Nazungumzia visanamu vya mashujaa wa sinema na katuni, vile vya plastiki vyenye viungo vya kukunjika, ambavyo huko Marekani vilianza kuwa mchezo wa watoto na sasa vimekuwa mali ya wakusanyaji, watu wazima wenye ndevu na mishahara.

Nitaulizwa: mshairi wa kisiwani na visanamu vya Marekani, wapi na wapi? Kilichonitia humo ni lugha. Mwenye duka la michezeo hapa mjini, ambaye mali yake huitoa Dubai, aliniletea karatasi ya tangazo la Kiingereza nimfasirie. Haikufika mistari kumi. Kisanamu kilisifiwa kuwa ni cha pekee, kwamba ni adimu, na kwamba mnunuzi ahimize miguu kabla hakijamalizika. Nimewahi kufasiri tenzi, mikataba ya mashamba na hata wosia wa marehemu, lakini karatasi ile ilinishinda siku tatu.

Neno pekee katika Kiswahili si neno la sokoni. Twalitumia kwa Muumba asiye na mshirika, kwa mtoto asiye na ndugu, kwa mnazi uliosalia baada ya upepo. Vipi nilivike kitu kilichomiminwa katika kalibu moja na wenziwe maelfu kwa maelfu? Na adimu vilevile. Uadimu twaujua sisi. Pweza huadimika maji yakiwa mafu. Karafuu huadimika mwaka ambao mikarafuu haikuzaa. Hapo hapana aliyekaa ofisini akaamua kiasi gani cha pweza kionekane na kiasi gani kibaki mwambani ili watu wagombane. Ikawa sina budi kwanza kujua uadimu ule wa kwenye karatasi watoka wapi, ndipo nilitafutie neno lake. Niliyoyakuta ndiyo yaliyonikera nikaandika makala haya.

Biashara yenyewe imezaliwa na mchezo wa maneno. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ilipotoa askari wake G.I. Joe, ilihofu kwamba wazazi hawatawanunulia watoto wa kiume kitu kiitwacho mtoto wa bandia. Basi likabuniwa jina jipya, sanamu ya vitendo, na jina la zamani likapigwa marufuku katika matangazo. Mtoto wa bandia ni mtoto wa bandia, hata akivikwa kofia ya chuma. Lakini tuliache hilo. Kila mfanyabiashara ana haki ya kumpa mwanawe jina.

La mwaka 1977 halisameheki kwa wepesi huo. Sinema ya Star Wars ilitoka mwezi Mei na watoto wakapagawa nayo. Kampuni ya Kenner, iliyokuwa na haki ya kutengeneza visanamu vyake, haikuweza kuviwahisha kwa Krismasi. Ikafanya nini? Ikapeleka madukani bahasha la kadibodi, ndani yake mna picha, vibandiko na cheti cha kujaza na kutuma kwa posta. Visanamu vinne vingewasili mwaka unaofuata. Wazazi wakanunua. Mtoto akaamka asubuhi ya sikukuu akafungua ahadi. Wapo wanaousimulia mkasa huu hadi leo kama kisa cha werevu wa kibiashara, na kweli kampuni ilitimiza ahadi yake mwaka 1978. Ila mimi nadhani siku ile wafanyabiashara walifunzwa somo ambalo hawajalisahau: kwamba ukosefu wenyewe, ukitiwa ndani ya bahasha nzuri, hulipiwa. Mwaka 2018 Hasbro ilitangaza jahazi kubwa la Jabba kwa dola 499.99, kwa sharti kwamba halitatengenezwa mpaka wapatikane wanunuzi 5,000 wa kulipia mbele. Wakapatikana na kuzidi. Safari hii hata bahasha halikuhitajika.

Sasa tuingie dukani. Visanamu hufika katika katoni, na ndani ya katoni mashujaa hawalingani kwa idadi. Wa mbele katika sinema huwa wawili au watatu, mwingine mmoja tu, na mwingine huruka katoni nzima. Kampuni ya Funko hutoa sanamu za aina moja na kutia miongoni mwao yenye rangi tofauti, kwa wastani wa moja katika kila sita, na jina wanaloipa lina maana ya kukimbizwa. Angalau hapo jina halidanganyi. Maduka makubwa nayo, Walmart, Target na mengineyo, kila moja huagiza kisanamu chake ambacho jirani hapewi. Mara nyingi ni shujaa yuleyule aliyebadilishwa rangi ya joho. Mkusanyaji anayetaka ukoo mzima hana budi kuzunguka mji.

Wakati mwingine kinachokosekana si rangi bali mtu. Mwaka 2015 ilipotoka sinema mpya ya Star Wars, shujaa wake mkuu alikuwa msichana, Rey. Hasbro ikatoa mchezo wa Monopoly wa sinema hiyo wenye visanamu vinne, na msichana hayumo. Watu walipopiga kelele, kampuni ikasema iliogopa kufichua kisa, kisha Januari 2016 ikaahidi kumtia.

Kilichonistaajabisha zaidi ni kulabu. Visanamu hutundikwa kwenye kulabu ukutani. Asubuhi katoni ikifunguliwa, aliyetangulia huchukua yule mmoja wa shida. Aghalabu si mtoto. Ni mlanguzi, naye kabla ya adhuhuri ameshamtia mnadani kwa bei maradufu. Kwenye kulabu husalia wale wasiopendwa, wa pili na wa tatu wa katoni, nao hukaa hapo miezi wakikusanya vumbi. Mwenye duka akitazama hesabu yake huona kulabu zimejaa. Kwa nini aagize zaidi? Haagizi. Basi katoni mpya, zenye kile ambacho kila mtu anakitafuta, haziji. Uhaba na ujazi, ambao sisi twadhani ni maadui, hapa ni mapacha wa tumbo moja: ukuta umejaa na hakuna kinachopatikana. Mtoto aliyekuja na babake Jumamosi na vijisenti vyake mkononi husimama mbele ya ukuta huo, amwone kila mtu isipokuwa aliyemfuata.

Na kwa hao wasiopendwa pia imebuniwa hila. Mwaka 2005 kampuni ya Toy Biz, katika visanamu vyake vya Marvel, ilitoa jitu liitwalo Galactus ambalo halikuuzwa zima. Kila boksi la shujaa mwingine lilikuwa na kiungo kimoja cha jitu hilo: hapa mkono, pale mguu, kwingine kiwiliwili. Ulitaka jitu likamilike? Nunua wote, pamoja na yule usiyempenda, kwa kuwa ndiye aliyeshika mguu. Hasbro iliyoirithi kazi hiyo imeendelea nayo. Sisi twajua mchinjaji anayekuuzia nyama nzuri kwa sharti la kuchukua na mifupa, lakini hata yeye huiweka mifupa wazi kwenye mizani.

Matangazo ndiyo yaliyoutengeneza moyo wa kuyakubali haya. Mwaka 1984, chini ya serikali ya Reagan, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliondoa mipaka ya matangazo katika vipindi vya televisheni vya watoto. Tayari He-Man wa Mattel, aliyeanza kuwa plastiki mwaka 1982, alikuwa amepewa katuni yake mwaka 1983. Hadithi ikawa mtumishi wa kisanamu. Bunge lao liliporudisha mipaka kwa sheria ya mwaka 1990, lilikubali bado dakika kumi na nusu za matangazo kwa saa siku za mapumziko na kumi na mbili siku nyingine. Watoto waliokulia mbele ya vioo vile ndio watu wazima wanaopanga foleni leo. Mimi siwacheki. Waliuziwa kiu wakiwa na miaka sita.

Nilikuwa kijana mdogo mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni. Kuhodhi bidhaa kukawa jinai, na tukasimuliwa habari za wafanyabiashara wa Bara waliokuwa wakitupa mali porini usiku kwa kuogopa kukutwa nayo. Simo katika kuusifu msako ule. Wengi waliwekwa ndani bila ya haki. Ninachosema ni kwamba lugha yetu ilikuwa na majina ya mambo haya, kuhodhi, kulangua, kuficha, na majina yote hayo yalikuwa ya aibu. Miaka arobaini baadaye, Machi 2023, Funko ilitangaza hadharani kwamba itatupa bidhaa zenye thamani ya kati ya dola milioni 30 na 36 kwa kuwa ghala limejaa na kuzitunza ni ghali kuliko kuziharibu. Wale wa kwetu walitupa kwa hofu ya dola. Hawa walitupa kwa hesabu, wakaitoa katika taarifa kwa wanahisa wao. Kampuni ileile inayouza moja katika sita kwa jina la uadimu ilikuwa na ghala lisilopumua.

Nasikia pingamizi, na la haki nalipokea. Ataniambia mtu: na kanga je? Mama zetu hawakukimbilia doti mpya? Hawakugombea jina lililotoka wiki ile, na likiisha limeisha? Kweli. Nami nimeziona kanga za marehemu mama zilizokaa sandukuni na udi miaka thelathini bila ya kuvaliwa. Kukusanya si dhambi. Lakini muuza kanga wa Darajani hutundika doti zake zote mlangoni, na kila apitaye husoma jina. Hauzi mji wa kanga katika boksi na pindo katika boksi jingine. Ikiisha, imeisha kwa sababu wanawake wameipenda, wala hakuna aliyekaa akapanga kwamba katika kila bunda itiwe moja tu ili wavutane nywele.

Kuvutana si maneno ya mshairi. Mei 2025 kampuni ya Kichina ya Pop Mart ilisitisha kuuza visanamu vyake vya Labubu katika maduka yake ya Uingereza baada ya wateja kusukumana. Vinauzwa katika boksi lisiloonyesha kilichomo, na kile cha siri hutokea mara moja katika 72. Huko kwao China, miongozo ya mwaka 2023 imekataza maboksi ya bahati kuuzwa kwa watoto wa chini ya miaka minane. Serikali ile si mpole kwa mambo mengi, lakini hapa iliona kilichomo ndani ya boksi.

Watetezi wa wenye maduka watasema rejareja ina dhiki. Toys "R" Us ililemewa na madeni ikafunga maduka yake ya Marekani mwaka 2018, na aliyebaki lazima atafute njia ya kumleta mteja mlangoni. Haya. Sidai visanamu vigawiwe bure. Nadai jambo dogo ambalo halimgharimu mtu zaidi ya wino: kila boksi lichapishwe idadi iliyotengenezwa, na kila katoni iandikwe ndani yake mna nani na wangapi, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani panapoonekana na mtoto. Anayekataa kuandika hesabu yake asiandike neno adimu.

Siku ya nne nilimpelekea mwenye duka tafsiri yangu. Mahali pa cha pekee niliandika "kilichopakwa rangi nyingine". Mahali pa adimu niliandika "tulivyoletewa vichache kwa makusudi". Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi.

"Maalim," akasema, "ukweli huu, lakini atanunua nani?"

Nilimwambia ajaribu. Hakujaribu. Tangazo limetoka kwa mkono wa mfasiri mwingine na limebandikwa kwenye kioo cha duka, na neno pekee limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu. Ujira wangu sijalipwa, wala sijaudai.