Mali ya Tumbaku na Jina la Duke

Nataka kutoa maoni yangu juu ya hoja ya mdahalo wa muhula huu: "Mtu aliyetajirika kwa tumbaku hastahili chuo kuitwa kwa jina lake." Mimi nilipangwa upande wa kuunga mkono. Nilisema niliyopangiwa kusema, tukashinda kwa kura nyingi, kisha nikarudi bwenini sina raha.

Tuliyemjadili ni James Buchanan Duke wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1856 karibu na Durham, North Carolina. Baba yake, Mzee Washington Duke, aliingizwa vitani upande wa majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa. Vita vilipokwisha mwaka 1865 alirudi kwa miguu, mwendo wa kilometa kama 220, akakuta shambani hapana kitu ila tumbaku kidogo. Yeye na watoto wakaipondaponda kwa magongo katika kibanda cha magogo, wakaitia vifukoni, wakaenda kuiuza. Waliipa jina la Kilatini, Pro Bono Publico, yaani "kwa manufaa ya umma". Walikusudia kuuza tu, masikini. Lakini jina hilo ndilo hasa lililokuwa hoja yetu.

Zama hizo sigara zilisokotwa kwa mkono, na fundi hodari alitoa kama nne kwa dakika. Mnamo mwaka 1884 James Duke akakodi mtambo wa kijana aitwaye James Bonsack, uliotoa kama 120,000 kwa siku. Sigara nyingi namna hiyo zataka wavutaji wengi, nao walikuwa hawajapatikana. Basi akawatafuta: akamwaga fedha katika matangazo, akatia kadi za picha ndani ya pakiti, akawazoeza watu jambo ambalo wengi wao hawakuwa nalo. Kwangu mimi, hapa ndipo lawama yake ilipo, wala si katika kulima. Mwaka 1890 aliunganisha makampuni yaliyokuwa yakishindana naye. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuru muungano huo uvunjwe. Kabla ya hapo, mwaka 1902, yeye na Waingereza walianzisha British American Tobacco, ambayo sigara zake zilifika hata kwetu Afrika Mashariki.

Sasa tutazame upande wa pili, ambao siku ile niliuruka kwa makusudi. Mwaka 1896 Mzee Washington alikipa Chuo cha Trinity dola 100,000, kwa sharti kwamba wasichana wapokewe sawa na wavulana. Mimi ni msichana, na sharti hilo siwezi kulidharau. Naye James mwaka 1924 aliweka wakfu wa dola milioni 40 kwa ajili ya vyuo, hospitali, yatima na makanisa ya shamba, na Trinity ikawa Chuo Kikuu cha Duke. Wakfu huo ulikisaidia pia chuo cha Weusi cha Johnson C. Smith. Hata hivyo, Chuo cha Duke chenyewe hakikupokea wanafunzi Weusi wa shahada ya kwanza mpaka mwaka 1963.

Mpinzani wetu mmoja alidai kwamba sehemu kubwa ya wakfu ilikuwa hisa za kampuni ya umeme. Ni kweli, lakini mtaji wa umeme huo ulitoka wapi? Alipolia kwamba tunamwita marehemu muuaji, hapo alikuwa na haki. Duke alifariki mwaka 1925, na uchunguzi mkubwa uliounganisha sigara na saratani ya mapafu ulitolewa mwaka 1950. Walioendelea kuwashawishi vijana baada ya hapo hawana udhuru wake. Leo Shirika la Afya Duniani lahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kwa mwaka kwa sababu ya tumbaku.

Lakini kilichoninyima raha hakikuwa Durham. Baba yangu hulima tumbaku wilayani Urambo. Nimechuma majani yaliyolowa umande mpaka kichwa kikazunguka. Nimebeba kuni za bani na kuona miti ikipungua kila mwaka. Godoro nililolalia usiku ule lilinunuliwa baada ya soko la tumbaku, na sare yangu pia. Nikajiuliza nimempigia nani kura.

Maoni yangu, basi, ni kwamba jina la Duke lisifutwe, wala lisisafishwe. Mbele ya kanisa la chuo kile iko sanamu yake, iliyowekwa mwaka 1935, ameshika fimbo mkono mmoja na sigara kubwa mkono wa pili. Tangu Julai 2020 chuo kimepiga marufuku kuvuta sigara katika viwanja vyake vyote, hata aliyebaki na sigara mkononi ni yeye mwenye jina. Mwenzangu mmoja asema sigara ile ikatwe. Mimi nasema iachwe pale pale, kila mwanafunzi aione aendapo darasani.

Likizo ikifika nitamsimulia baba habari za mdahalo huu. Najua atakaloniuliza kwanza: nilisimama upande gani.